Pua ya Fundi wa Pampu

Ukimpelekea pampu ya kupulizia dawa, hakuuliza inaumwa nini. Aliifungua kifuniko, akaingiza pua ndani kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani, kisha akakuambia ulichofanya wiki mbili zilizopita.

"Ulipiga kabichi dawa ya viwavi, halafu ukaongeza ya ukungu kwa mtungi huo huo."

"Nani amekuambia?"

"Hii mpira imeniambia. Enda uoshe mikono kabla hujashika kikombe ya chai."

Benchi lake lilikuwa kwenye soko la Chaka, kando ya kinu cha kusaga unga, chini ya mabati matatu yaliyoshikiliwa na mawe. Siku ya soko pampu zilipangwa mbele yake kama watoto wanaongojea chanjo. Sote tulimwita Fundi wa Pampu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sitaliandika, maana hata yeye hakulitumia. Ukimwita kwa hilo jina, alitazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Alizaliwa wapi sijui, na sikumuuliza. Mimi mwenyewe niliacha shule darasa la tatu na jembe ndilo lililonisomesha. Shamba langu hapa Kieni nililinunua ekari kwa ekari, na hakuna mtu aliyenirithisha hata fito ya ua. Nasema hivi ili ujue kwamba si rahisi mimi kumsifu mtu. Huyu namsifu, na nimechelewa.

Alikuwa mrefu, mgongo umeinama kwa sababu ya benchi fupi alilolitengeneza mwenyewe na akakataa kulirefusha. Mfukoni alikuwa na vitu viwili siku zote: kopo la ugoro, na soksi ndefu za wanawake, zile nyembamba za kuvaa kanisani. Hizo soksi alizinunua mitumba, na mtu mzima kama yeye, mzee wa kanisa, mjane, akizichagua mbele ya watu, akizivuta na kuziinua kwenye jua kuona kama zimetoboka, akina mama walimmaliza.

"Fundi, leo unamnunulia nani?"

"Namnunulia drum."

"Hiyo drum iko na miguu mizuri!"

"Kuliko yako," alisema, na akalipa.

Soksi zilikuwa za kuchuja. Hapo ndipo mambo yake yote yalipoanzia, ukitaka kujua. Watu walikuwa wakisikia kwamba majani fulani yanafukuza wadudu, wanayatwanga, wanayatia kwenye pampu na makapi yake yote, wanaziba mdomo wa pampu, wanamletea. Alizibua hadi akachoka. Siku moja akasema, badala ya kuzibua midomo ya wajinga maisha yangu yote, wacha niwafundishe kupika vizuri. Akaleta drum la bluu, akaliweka nyuma ya benchi.

Drum hilo lilinuka vibaya, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Ndani alitia mubangi, lile gugu refu la harufu kali linalojaa mashambani mwetu baada ya mvua, ambalo hata mbuzi hulipita. Alitia thabai, yale majani yanayowasha ngozi, akiivuna kwa mikono mitupu kana kwamba haimuumi. Pilipili, kitunguu saumu, sabuni ya kipande iliyokwanguliwa kwa kisu. Siku kadhaa baadaye alichuja mara mbili kwa soksi. Wadudu wakaidi aliwatengea maua ya pareto, aliyoyakausha kivulini, kamwe si juani. "Jua inakula nguvu yake," alisema. "Hata ukipiga, piga jioni. Ukipiga saa sita, umepigia jua dawa." Pia jioni nyuki wamekwenda kulala, na hilo alilitilia mkazo kuliko mengine yote. Watu wa majani wengine hukuambia dawa ya asili haina madhara. Yeye hakukudanganya. "Sumu ni sumu. Hii inaua pia. Mungu ameiweka kwa maua, hajaiweka kwa chai."

Dawa hiyo hakuiuza. Ulikuja na majani yako, ukatwanga mwenyewe mbele yake, akakutukana ukitwanga vibaya, ukaenda na chupa yako. Nilimwambia ni ujinga, angekuwa tajiri.

"Nikikuuzia, utarudi na chupa," alinijibu. "Nikikufundisha, utarudi na pampu. Mimi ni fundi wa nini?"

Mambo yake yalipingana na hakujali. Alikula kwa pampu za watu waliopiga dawa za duka, akizilaani huku akizikaza nati. Ugoro alivuta asubuhi hadi jioni, lakini hakukubali mtu yeyote mwenye tumbaku mkononi aguse nyanya, akisema tumbaku ina ugonjwa unaohamia kwenye nyanya na pilipili hoho. Kwa hiyo yeye mwenyewe, akifika kwenye nyanya zako, alisimama nje ya shamba kama mtu aliyekatazwa harusi, akinyoosha kidole: "Pindua hiyo jani. Si hiyo. Hiyo nyingine, wewe huna macho?" Na mwaka ule viwavijeshi walipoingia kwenye mahindi ya mjane mmoja wa huko juu, alimtazama yule mama, akatazama mahindi, akamtuma dukani akanunue dawa ya chupa. Nilimcheka. Akasema, "Njaa haiwezi kungojea mubangi ioze."

Swali lake moja ndilo lililonipeleka kwenye drum. Unajua tunavyolima sisi. Kuna kabichi za soko, na nyuma ya jikoni kuna kitanda kidogo cha kabichi za nyumbani. Za soko zinapigwa dawa kila wiki, na siku nyingine jana yake kabla ya lori kufika. Za nyumbani hazipigwi kitu, mama anaokota viwavi kwa mkono. Hakuna anayezungumza habari hiyo. Ni kama ilivyo tu.

Siku moja fundi alikuja kwangu kurekebisha pampu, akapewa chai, akakitazama kile kitanda.

"Na hizi?"

"Ni za kula."

"Na zile zingine ni za nini?"

Mama Muthoni, mke wangu, alicheka mpaka akaweka birika chini. Mimi sikucheka. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikabeba gunia la mubangi nikaenda Chaka kutwanga.

Sasa nifike pale ambapo sipapendi.

Mwaka mmoja nilikuwa na minji, zile njegere za kijani, nusu ekari, imetambaa kwenye fito vizuri, maua meupe tele. Vidukari wakaingia, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya majani mpaka yanate kama asali. Dawa ya duka nilikuwa nimeipiga msimu uliotangulia na wakazidi kunenepa. Nikatwanga, nikachuja kwa soksi mara mbili kama nilivyofundishwa, nikapiga jioni. Siku ya tatu vidukari wamekauka. Nikatembea kwenye shamba langu nikiimba.

Siku ya saba minji ikaanza kujikunja. Vichwa vikageuka chini, mashina yakasokotana kama kamba, majani yakajifunga kama ngumi. Nusu ekari yote.

Sikungoja. Niling'oa mashina kumi hivi, nikapanda bodaboda hadi Chaka, na ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Nikayatupa kwenye benchi lake juu ya nati zake.

"Tazama! Hii ndiyo dawa yako! Umenikunjia minji! Nyinyi wote mnaokuja hapa kutwanga majani, tazameni! Huyu anawamaliza!"

Mimi nina sauti. Walioko kwenye mbuzi walisikia, na mbuzi huuzwa mwisho kabisa wa soko. Watu wakaja. Fundi akachukua shina moja, akaligeuza, akalinusa. Akalinusa tena. Nilimwona akiinua macho kunitazama, na sasa ninajua kwamba alikuwa tayari ameelewa. Angeweza kusema pale pale. Alisema, "Baba Muthoni, nitakuja kwako kesho," akaendelea kukaza nati.

Watu waliona amenyamaza kwa sababu hana la kusema. Siku hiyo hiyo akapata jina jipya, Mkunja Minji, na lilitoka mdomoni mwangu.

Kesho yake alikuja kwa baiskeli. Alikataa chai. "Lete pampu." Akanusa tangi, akatikisa kichwa. Akachomoa mpira unaopeleka dawa kwenye mdomo, akaukata ncha kwa kisu, akanusa pale palipokatwa. Akanipa.

"Nusa."

"Sisikii kitu."

"Mahindi yako ulipalilia na nini?"

"Dawa ya magugu. Ile inaacha mahindi, inaua majani mapana."

"Na minji ni jani gani?"

Nikageuza macho kwenye minji.

"Pampu ulifanya nini baadaye?"

"Nilisuuza! Maji mara tatu!"

"Hiyo dawa hailali kwa tangi. Inalala ndani ya mpira. Maji haiwezi kuiamsha." Akaketi kwenye jiwe, kwa mara ya kwanza akaonekana mzee. "Sabuni ndiyo inaiamsha. Sabuni yangu."

Unaona mtu ananipa mlango, na mimi ni nani niukatae. Nikasema, "Basi bado ni dawa yako."

"Nusu," akasema. "Ningekuuliza hiyo pampu imetoka kupiga nini. Fundi wa pampu, nisiulize pampu!" Na akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi la kweli.

Kisha akabadilisha mpira wote. Akaniambia nitafute pampu ya pili. Moja akaipaka rangi nyekundu shingoni, ya magugu. Nyingine akaifunga kitambaa cheupe, ya drum. "Hizi mbili zisioane," akasema. Akapanda baiskeli akaenda, bila kuniomba niseme neno kwa mtu yeyote.

Mama Muthoni alikuwa mlangoni pa jikoni na alisikia yote.

"Sasa utarudi sokoni," akasema.

"Kufanya nini?"

Akarudi jikoni. Lakini kwa miaka sita mwanamke huyo aliniuliza. Nikivuna vizuri: "Umerudi sokoni?" Nikisifu mboga: "Ni tamu, eh? Umerudi sokoni?" Mchungaji akija kutuombea, mke wangu akisema amina, nilijua anachofikiria.

Maana nilivuna, usifikiri sikuvuna. Hapo ndipo aibu ilipo. Nilirudi kwenye mafunzo yake peke yangu, nyumbani kwangu, kwa drum langu. Nilipiga kwa pampu ya kitambaa cheupe, jioni. Nilianza kuona yule mdudu mwekundu wa madoa meusi anayekula vidukari, ambaye sikuwa nimemwona shambani tangu nilipokuwa kijana. Fundi alikuwa amenifundisha nisimguse. "Huyo ni kibarua wako, na hadai chai ya saa nne." Maharagwe niliyahifadhi kwa majivu na unga wa pareto, na fukusi hawakuyagusa. Kitanda cha nyuma ya jikoni nilikiondoa, kwa sababu hakukuwa tena na chakula cha soko na cha nyumbani. Wajukuu wangu wanachuma minji popote shambani na kuila mbichi wakitembea. Ukiniuliza utajiri wangu uko wapi, ni hapo.

Yeye huku Chaka, drum lilikauka. Pampu walimletea, maana hakuna mwingine aliyejua kuzitengeneza, lakini majani hawakuleta. Akina mama waliokuwa wameanza kutwanga walirudi dukani. "Usiende, atakukunjia." Nilipita pale mara nyingi. Alinisalimu vizuri kila mara. "Wakini, minji inaendeleaje?" Wakini ni mtu wa rika lako, na kwetu si neno la kumpa mtu ovyo. Nilijibu inaendelea, nikapita haraka kama mtu aliyeacha maziwa kwenye moto.

Aliyeniamsha si mtu wa kwetu. Ni mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Mwislamu wa Nanyuki, tunauziana miaka mingi. Alikuja kwangu kuchukua beberu, akasimama kando ya pikapu yake.

"Mzee, yule fundi wenu amefunga."

"Amefunga vipi?"

"Kifua na magoti. Binti yake ameolewa Mwea, amemchukua. Mimi ndiye nilimbebea vyombo jana kwa hii gari. Drum akaiacha. Nikamwambia, mzee, kuna nafasi. Akasema haina mtu wa kuitumia huko, na hapa pia haina." Akafunga beberu kamba. "Wallahi, mimi nilikuwa kwa mbuzi siku ile ulipopiga kelele. Hata kama alikosea, ile ilikuwa kelele nyingi kwa mtu mmoja."

Hata kama alikosea. Miaka sita, na mtu mwema kama huyu bado aliamini.

Niliingia ndani. Mama Muthoni alikuwa anachambua maharagwe. Nikamwambia fundi amehama. Hakuniuliza swali lake. Aliinuka, akachukua kofia yangu kwenye msumari, akaiweka mezani mbele yangu, akarudi kwa maharagwe.

Siku ya soko nilikwenda Chaka. Mabati yalikuwepo, benchi lilikuwepo, drum limelala ubavuni nyuma. Nikapanda juu ya benchi. Nina zaidi ya miaka sabini na goti moja si langu, lakini nilipanda. Nikapiga kelele kama siku ile.

Niliwaambia pampu ilikuwa yangu. Niliwaambia dawa ya magugu nilipiga mimi, nikasuuza kwa maji nikaona nimemaliza. Niliwaambia fundi alikuja kwangu kesho yake akanionyesha, na mimi nikakaa na hiyo habari kama mwizi na ng'ombe, na shamba mnalolisifu likilishwa na drum lile lile mnalolikimbia. Mkunja Minji ni mimi, nikasema. Anayetaka kutumia hilo jina, ajue mwenyewe ni huyu.

Kinu cha unga kiliendelea kusaga. Nilifikiri watacheka. Mama mmoja mzee, muuza viazi, ambaye zamani alikuwa akitwanga pale, akasogea.

"Baba Muthoni. Miaka sita yote?"

"Sita."

"Na mimi nikinunua dawa ya duka miaka sita, kwa sababu ya mdomo wako."

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kutoka kofia hadi viatu. "Mungu atakusamehe. Mimi nitachelewa kidogo." Kisha akaangalia drum. "Sasa hiyo inatumika au imekufa?"

Tuliliinua pamoja. Siku ya soko iliyofuata alikuja na mubangi, na wengine watatu. Ninawatukana wakitwanga vibaya.

Baadaye nikashuka Mwea. Huko joto linakushika shingo, na mpunga umetandazwa juani kila mahali ukikaushwa. Nilimkuta kwenye baraza la binti yake, miguu imefunikwa blanketi kwenye joto lile, na mbele yake, amini usiamini, pampu nne. Wakulima wa mpunga walikuwa wameshamgundua. Mteja mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameketi kwenye ndoo akingojea.

Tulisalimiana. Nikampa minji niliyombebea. Alivunja ganda moja, akala, akaendelea kufungua pampu ya yule mama.

"Nimesema," nikamwambia.

"Umesema nini?"

"Ile ya pampu. Sokoni."

Mikono ikasimama. "Ulisimama wapi?"

"Juu ya benchi yako."

"Na hiyo goti?"

"Na hiyo goti."

"Sauti ilikuwa kiasi gani?"

"Kama ya siku ile."

"Ya siku ile ilifika kwa mbuzi."

"Hii ilifika pia. Na drum inanuka tena."

Hakusema asante, na sikuitaka. Alitikisa mabega, nikadhani anakohoa, kumbe anacheka. Alicheka mpaka binti yake akachungulia dirishani. Alipomaliza, alijifuta macho, akainusa pampu, akaishusha.

"Pua imekwisha, wakini. Ugoro na miaka. Siku hizi nafunga na kufungua tu, sijui mtu amefanya nini." Akachomoa mpira, akaukata ncha, akaninyooshea. "Huyu mama anataka kupiga nyanya. Nusa."

Niliingiza pua. Miaka sita iliyopita sikusikia kitu. Sasa nilisikia, hafifu, kali, kama chuma kilicholala kwenye mafuta.

"Magugu," nikasema. "Amepiga mpunga, akasuuza kwa maji."

"Mara tatu!" akasema yule mama, akiinuka kwenye ndoo. "Nilisuuza mara tatu!"

Mzee akaketi vizuri kwenye kiti chake, akamgeukia.

"Mama, umesikia vile fundi amesema?"

Nilitazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.